Malipo ya Pili kutoka Marekani

Sehemu ya sita

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu, na usijilaumu kwa kuchelewa. Wiki zilizopita hukukosa ushindi wowote. Ulikosa jinsi duka langu la kwanza lilivyoungua, jinsi boti ya marehemu baba ilivyouzwa na mtu ambaye hakuwa mwenye boti, na jinsi mimi, Aidan wa Liuli, nilivyoliacha ziwa nikapanda milima hadi Mbinga mjini, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Hapo ndipo Hilda aliponiletea simu iliyopasuka kioo.

Hilda anafundisha shule ya msingi kule Mapera. Baba yake ni Mzee Ildefonsi, mkulima wa kahawa mwenye ukoo mkubwa na subira ndogo. Nilipokwenda kumposa binti yake, mzee hakuniuliza nina mali gani, wala hakutaka kujua Mwanglikana kama mimi atasalije na watoto wa Kikatoliki. Aliniuliza kama kweli navijua vitu vilivyomo ndani ya kompyuta.

Nikasema navijua.

"Basi utatuongoza tununue hisa za hao wanaovitengeneza," akasema. "Ukituongoza vizuri, mtoto ni wako."

Hapo ndipo nilipoishia. Leo nawasimulia nilivyowaongoza. Mkifika mwisho mtanidharau, na sitawalaumu, maana mwaka huu wote kazi yangu mimi ilikuwa kudharau watu.

Kwanza muwajue wawekezaji wenyewe. Mzee Ildefonsi alikuwa ameifufua sengu, ule mlo wa Wamatengo wa zamani ambao ukoo mzima hula pamoja, na mambo ya ukoo huamuliwa papo hapo kwenye chakula. Babu zao waliamua hapo nani aoe na nani apewe shamba. Hawa wajukuu wao wakawa wanaamua hapo wanunue chipu gani.

Ilikuwa mwezi wa pili. Malipo ya pili ya kahawa yalikuwa yametoka na kila mtu alikuwa na kitu mfukoni. Nilikuja nimejiandaa kuliko nilivyowahi kujiandaa kwa mtihani wowote. Nilikuwa nimechambua kampuni nyingi za Marekani nikabakiza mbili. Majina yao yaliwashinda kuyatamka, kwa hiyo moja tukaiita Ubongo na nyingine Barabara.

"Ubongo inatengeneza chipu zinazofanya hesabu za akili mnemba," nikawaeleza. "Barabara inatengeneza chipu zinazopitisha habari kutoka mashine moja kwenda nyingine, kwenye yale majumba makubwa yaliyojaa kompyuta."

"Ipi ina jengo zuri?" akauliza Othmar.

Othmar ni kaka mkubwa wa Hilda na ndiye mwenyekiti wa kikundi. Uenyekiti alipewa kwa sababu ya sauti.

"Jengo halihusiani, shemeji."

"Linahusiana sana. Chama chenye ghala bovu hakijawahi kumlipa mtu."

Shangazi Luisa, dada yake mzee, naye alinisikia nikitaja CPU. Mbinga nzima ukisema CPU watu wanajua ni mashine ya kumenyea kahawa mbivu, basi akataka kujua kama hizo za Marekani hazipasui punje. Nilimweleza mpaka jasho likanitoka. Alipoelewa kwamba hazimenyi kitu, alinionea huruma.

"Hisa moja ya Ubongo bei gani?" akauliza Othmar.

"Bei ya ndama, hivi."

"Na ya Barabara?"

"Bei ya mbuzi."

"Basi jibu si hilo hapo? Tununue mbuzi, tutapata wengi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilimtazama Hilda, nikatabasamu, naye akatabasamu. Nilikuwa na tabia hiyo.

"Bei ya hisa moja haikuambii kitu, shemeji," nikasema polepole, vile mtu anavyosema na mgonjwa. "Mzee, wewe ukiuziwa shamba la kahawa, unauliza nini?"

"Nauliza linatoa kiasi gani kwa mwaka," akajibu Mzee Ildefonsi. "Halafu nalinganisha na bei. Nikiona bei ni mavuno ya miaka mitano, nanunua. Nikiona ni ya miaka ishirini, najua muuzaji ni mwizi."

"Vizuri sana. Sasa Ubongo inauzwa kwa faida ya miaka hamsini. Barabara kwa faida ya miaka ishirini na mitano."

Mzee akatikisa kichwa. "Wote wezi."

Nikawaeleza kwamba faida zenyewe zinakua kila mwaka, ndiyo maana watu wanakubali bei hiyo. Nikawaeleza na hatari, kwa sababu nilitaka waone ninavyojua. Barabara ilikuwa na mteja mmoja mkubwa mno, anayenunua karibu nusu ya chipu zake zote.

"Mnunuzi mmoja mkubwa!" Othmar akapiga paja. "Hao ndio watu wenye akili. Hakuna kuzunguka."

"Hiyo ni kasoro, shemeji. Siku akisusa, je? Kule kwetu ziwani mama yangu aliwahi kukaushia dagaa tajiri mmoja tu. Tajiri huyo alipohamia Malawi, tulikula dagaa mpaka tukawachukia."

"Dagaa si kahawa."

"Na chipu si kahawa vilevile! Halafu Barabara hawana kiwanda. Wanachora chipu tu, kutengeneza wanapeleka kwa watu wengine, nchi nyingine."

Shangazi Luisa akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ni kama sisi, tusio na mashine yetu ya kumenyea?" akauliza.

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Masikini wenzetu," akasema shangazi. "Basi tununue kwao, nao wainuke."

Wakakubali wote. Nilikuwa naitaka hiyo hiyo Barabara tangu mwanzo, ila mimi niliitaka kwa hesabu, na wao wakaichagua kwa huruma. Badala ya kushukuru nilikereka. Niliwaona kama watu waliookota noti njiani wakiwa wanatafuta kuni.

Akaunti ikafunguliwa kwa jina la Othmar, maana ukoo haukutaka mtu wa ziwani ashike funguo. Nikamwekea programu ya dalali kwenye simu yake, nikamfundisha pa kununulia na pa kuuzia. Alishika haraka, kusema haki.

Nilipokuwa naaga, akanisindikiza hadi barabarani.

"Shemeji, la mwisho," akasema. "Malipo ya pili yao huwa yanatoka lini?"

Mliozaliwa kwingine niwaeleze. Mkulima wa kahawa hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, akapewa malipo ya awali, kiasi kidogo cha kuanzia. Kahawa ikishauzwa mnadani, na ikiwa bei ilikuwa nzuri, kinachobaki huja baadaye. Hayo ndiyo malipo ya pili, na kwa hayo watu huezekea mabati na kusomesha. Othmar amekulia humo. Alikuwa anauliza kwa uso mkavu kabisa kama soko la hisa la Marekani nalo huendeshwa hivyo.

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Ningesema, shemeji, hisa ukiuza umeuza, bei uliyopata ndiyo hiyo hiyo, hakuna cha pili. Lakini nilikuwa nimechoka kujibu maswali ya namna hiyo, na mdomo ulikuwa unaniwasha.

"Yanatoka baada ya mnada, shemeji," nikasema. "Wamarekani nao wana vyama vya msingi. Tena makarani wao hawalewi."

Nikacheka. Othmar naye akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikapanda bodaboda nikaondoka nikijiona mchekeshaji hodari.

Mambo yakaanza vizuri. Kufika mwezi wa tano Barabara ilikuwa imepanda, na Mzee Ildefonsi akawa ananiita mwanangu. Kibali cha askofu cha Hilda kuolewa na Mwanglikana kikapatikana. Harusi ikapangwa mwezi wa nane, katikati. Padre wa Mapera akasema tutatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama desturi, ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Mwezi wa saba pingamizi likatokea Marekani.

Ule mteja mkubwa wa Barabara alitangaza kwamba anafikiria kutengeneza chipu zake mwenyewe. Kufikiria tu! Hisa ikaporomoka hadi ikabaki karibu nusu ya bei tuliyonunulia. Simu ya Othmar ikanikuta nimeinamia kompyuta ya mtu.

"Shemeji, inashuka!"

"Naiona."

"Tufanyeje?"

"Msifanye kitu. Maagizo ya mwaka huu yameshasainiwa, na kuna wateja wengine wanaingia. Subirini watoe hesabu za robo mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa nane."

"Lakini si tutachelewa?"

"Kuchelewa nini? Msiguse, Othmar. Hamjui mnachofanya. Acheni kama ilivyo."

Nikakata simu. Sikumuuliza anaogopa kuchelewa nini hasa. Nilidhani ni woga wa kawaida, na woga wa watu wengine haukuwa na maana kwangu.

Tangazo la kwanza likasomwa. Nilikaa kiti cha nyuma, nikasikia jina langu likisomwa pamoja na la Hilda, na sioni aibu kusema machozi yalinilengalenga. Jumapili iliyofuata likasomwa la pili. Hakuna aliyejitokeza.

Alhamisi yake Barabara wakatoa hesabu zao. Walizitoa kabla soko halijafunguliwa, kwetu ilikuwa mchana, nami nilikuwa kibandani nimeacha kazi za watu zimelala mezani. Nikaenda moja kwa moja penye mauzo. Yamepanda. Faida, imepanda. Nikatafuta mteja mkubwa: amepunguza kidogo tu. Nikatafuta wateja wapya, nikawakuta watatu, wote wakubwa, na maagizo yao hadi mwaka kesho. Soko lilipofunguliwa bei ikaruka. Ikapita tuliponunua, ikaendelea kwenda.

Nilipiga kelele mpaka mama muuza chapati wa jirani akaja kuangalia nani kafa.

Nikafunga kibanda, nikanunua kreti ya soda, nikakodi bodaboda kwenda Mapera. Nataka mjue nilichokuwa nafikiria njiani. Sikuwa nafikiria kwamba ukoo umepata. Nilikuwa napanga maneno. Nilitaka Othmar akiri mbele ya watu kwamba jengo, mbuzi na huruma havikuwa na kazi, kwamba kilichofanya kazi ni kichwa changu.

Nilimkuta kwenye mashine ya kumenyea kahawa ya jirani, anapanga foleni na mzigo wake, mikono imelowa utomvu mwekundu wa kahawa mbivu. Kabla sijasema kitu akanikumbatia akaninyanyua juu.

"Nimeona, shemeji! Nimeona bei! Wewe ni mtu mbaya wewe!"

"Nilikwambia usiguse."

"Ulisema. Lakini na mimi si mtoto." Akacheka. "Niliwahi."

"Uliwahi nini?"

"Kuuza. Niliuza zote wiki iliyopita."

Mashine ilikuwa inanguruma, nikadhani sikusikia vizuri. Nikamvuta pembeni.

"Othmar, sema tena. Uliuza nini?"

"Hisa zote. Bei ya awali ilikuwa mbaya, sikatai, lakini nilijua hiyo ni ya awali tu. Kahawa inayochelewa kufika chamani haiingii mnadani, si ndiyo? Nikasema nisubiri hizo hesabu za robo mwaka kisha nikute mnada umepita? Tungekosa malipo ya pili! Sasa mzigo wetu umeshaingia, na bei ya mnada ndiyo hii ya leo." Akanipiga begani. "Malipo ya pili ya mwaka huu, shemeji, hata marehemu babu hakuwahi kuyaota."

Nikakaa juu ya gunia la mtu.

"Nani alikwambia kuna malipo ya pili?"

Akanishangaa. "Si wewe? Pale barabarani. Ulisema yanatoka baada ya mnada. Na makarani wao hawalewi."

Sikumwambia. Niliitikia kwa kichwa, nikamkabidhi kreti ya soda, nikasema nina kazi ya haraka mjini. Alinisindikiza tena hadi barabarani, akanishika tena mkono kwa mikono miwili, utomvu wa kahawa ukabaki kwenye shati langu. Njiani kurudi nilimtukana kimoyomoyo kwa kila tusi la Kinyasa ninalolijua. Mjinga. Bichwa tupu. Mtu mzima anayedhani Wamarekani wana chama cha msingi! Niliendelea hivyo hadi stendi, na nilipofika nikagundua kwamba matusi yote hayo hayanisaidii, kwa sababu mjinga yule alikuwa ameamini kile mtaalamu wake alichomwambia.

Kununua tena haikuwezekana. Kwa bei mpya, pesa iliyobaki kwenye akaunti isingerudisha hata nusu ya tulichokuwa nacho. Karibu nusu ya pesa ya kahawa ya watu wale ilikuwa imekwenda, nao walikuwa wanashangilia.

Jumamosi ilikuwa sengu. Asubuhi nilimfuata Hilda nyuma ya jiko la kwao, akisafisha mbasa, samaki wa kwetu ziwani, ambao nilikuwa nimewaagiza kutoka Liuli. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuniangalia hadi nilipomaliza.

"Ulimwambia hivyo kwa mdomo wako?"

"Ulikuwa mzaha, Hilda. Mtu yeyote mwenye akili angejua ni mzaha."

"Kaka yangu hana akili?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema." Akaweka kisu chini. "Huwa husemi. Mtu akikuuliza kitu unamjibu yeye, lakini unanitazama mimi ili nicheke na wewe. Na mimi nilikuwa nacheka, Aidan. Baba yangu anauliza, nacheka. Shangazi yangu anauliza, nacheka. Nilidhani ukishatuzoea utaacha, kumbe mimi ndiye nilikuwa nakuzoea wewe."

Akaokota tena kisu.

"Utawaambia leo," akasema. "Mbele ya wote, kabla hawajaanza kula."

"Baba yako atanifukuza."

"Huenda."

"Na harusi je?"

"Baba akikufukuza kwa kusema kweli, nitakufuata Liuli kwa miguu yangu, padre atatufungisha ndoa huko huko. Lakini useme wewe. Mimi sitafungua mdomo mpaka ufungue wako."

Basi wasomaji, mmeona alichonipa. Mwanamke ananiambia atauacha mlima wa kwao kunifuata, na gharama yake ni sentensi mbili tu. Niliapa mbele yake kwamba nitasema. Tena nilimaanisha.

Adhuhuri ukoo ukakusanyika. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, maana habari za bei zilikuwa zimefika hadi kwa shemeji zao wa Litumbandyosi. Othmar alikuwa amevaa shati la Krismasi. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikalisha mkono wake wa kulia, mahali ambapo hakuna mkwe aliyewahi kukalishwa. Mbasa wakaletwa, maharage yakaletwa. Hilda akasimama mlangoni na sinia la ugali, akinitazama.

Nikakohoa. "Wazee wangu, kabla hatujala nina neno..."

"Subiri, mwanangu," mzee akanishika goti. "La kwangu ni fupi."

Akawatazama watu wake wote kwa zamu.

"Kesho padre anasoma tangazo la tatu, na harusi tulisema wiki ijayo. Mimi nimefikiri. Mwaka huu Mungu ametuletea mtu kutoka ziwani, naye ametufikisha mahali ambapo baba zetu hawakufika. Mtu huyo tumwozeshe binti kwa kuku na soda, wakati pesa iko njiani inakuja? Haiwezekani. Harusi tunaisogeza. Itakuwa siku malipo ya pili ya Marekani yatakapoingia! Tutachinja ng'ombe, na kila aliyeweka kahawa yake mule atakula mpaka ashindwe."

Shangazi Luisa akapiga vigelegele. Othmar akasimama akapiga makofi peke yake, kisha wote wakafuata. Mzee alikuwa ameifunga ndoa yangu kwenye pesa ambayo haipo duniani.

"Haya, mkwe," akasema makofi yalipotulia. "Wewe ndiye unayewajua. Mnada wao ni lini, ili nimwambie padre tarehe?"

Wote wakanigeukia. Nilizoea kuwaona wakinitazama na kunidhania najua, na kila mara nilikuwa nawacheka ndani kwa ndani. Safari hii kicheko hakikuja. Niliona watu waliovaa nguo za kanisani siku ya Jumamosi kwa sababu yangu. Nikamtazama Hilda, naye akaniitikia kwa kichwa, kidogo sana, kunipa moyo.

Sentensi nilikuwa nayo. Hisa ukiuza umeuza, hakuna malipo ya pili. Ilikuwa mdomoni tayari.

"Mwezi wa tisa, baba," nikasema. "Mwishoni."

Watu wakafurahi upya. Mwezi wa tisa si mbali, wakasema, kahawa itakuwa imekwisha shambani, watu watakuwa na nafasi. Othmar akaanza kutaja ng'ombe wa nani anafaa.

Hilda akaja akaweka sinia la ugali katikati yetu. Hakuondoka. Akasimama pale pale mbele ya baba yake.

"Mwezi wa tisa," akasema, taratibu, vile anavyorudia jibu la mwanafunzi darasani.

"Mwishoni," nikaongeza, mpumbavu mimi.

"Basi baba, padre aambiwe leo hii. Kesho asilisome jina langu."

Mzee akacheka. "Tangazo lisomwe tu, mwanangu. Tunachosogeza ni harusi."

"Hapana, baba. Tangazo ni la watu wanaojuana. Mimi huyu bado simjui."

Kicheko kikaisha. Shangazi Luisa akauliza ana nini huyu mtoto, mbona anamvunjia mgeni heshima mbele ya chakula. Mzee Ildefonsi akanigeukia, akamgeukia binti yake, akanirudia mimi.

"Mmegombana?"

"Hatujagombana," akasema Hilda. "Aliniahidi kitu leo asubuhi, na nimeona alivyokitimiza. Mwezi wa tisa ukifika, baba, muulizeni yeye aliniahidi nini. Mkishajua nyote, mtaniambia kama bado mnataka niolewe naye."

Akatoka. Nilimsikia akipita nyuma ya jiko, na mlango wa chumba chake ukafungwa bila kishindo.

Vidole vya mzee vilikuwa juu ya goti langu bado. Halafu akavitoa.

"Othmar," akasema. "Chukua pikipiki uende kwa padre. Mwambie kesho asisome."

Othmar akainuka, akajifuta mikono. Alipopita nyuma yangu akainama, akanishika bega, akaninong'oneza sikioni kwa upole ambao sikuwahi kumwonyesha yeye hata mara moja.

"Usihuzunike, shemeji. Hilda ana hasira za karibu. Malipo ya pili yakiingia, yote haya yatasahaulika."

Nikasikia pikipiki ikiwaka, ikishuka kuelekea parokiani. Mzee akasogeza sinia karibu yangu akaniambia nile. Kwenye sengu mtu hainuki kabla wazee hawajamaliza, na siku ile wazee walikula polepole sana. Nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi wa mbasa, nikala nao mpaka mwisho.